AKIBA HAIOZI? MAISHA YA JOSEPH MURUMBI, MKUSANYAJI MASHUHURI

Na mwanafunzi wa kidato cha tatu, mwanachama wa Chama cha Kiswahili

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Nawaheshimu wahenga, lakini katika jambo hili nina neno nao kidogo. Akiba huoza, tena upesi, ikiwa aliyeiweka ameondoka na waliobaki hawajui iliwekwa kwa nini. Ushahidi wangu ni maisha ya Mkenya mmoja ambaye jina lake wengi wetu tumelisikia tu katika somo la historia, kwenye orodha ya makamu wa rais, halafu tukafunga kitabu. Jina lake ni Joseph Murumbi.

Kabla sijaanza, wacha niwaeleze kwa nini nimemchagua yeye. Katika shule hii tuko watatu tunaokusanya michoro ya filamu za kubuni za kisayansi, zile za roketi, maroboti na miji ya angani. Watu wengi hawajui kwamba kabla ya filamu kama hiyo kupigwa, kuna mchoraji anayeketi mezani na penseli yake akabuni kila kitu: chombo kitakavyoruka, mavazi ya askari, hata mlango utakavyofunguka. Star Wars ilipotoka mwaka 1977, ilikuwa imeshatangulia kwenye karatasi. Michoro ya Ralph McQuarrie ndiyo iliyosaidia kuwashawishi wenye pesa wakubali kuigharamia. Filamu huonwa na mamilioni, lakini mchoro wenyewe mara nyingi huishia kwenye pipa.

Hata hapa kwetu mambo ni hayo hayo. Magari ya abiria ya Thika na Ruiru yamechorwa mashujaa wa filamu tangu wazazi wetu wakiwa vijana. Mwaka 2004, sheria za matatu zilipoleta ule mstari wa manjano, michoro mingi ilifutwa kwa rangi. Je, karatasi ambazo mafundi walichorea kwanza ziko wapi? Mwenzangu mmoja wa Ruiru anazo chache alizopewa na fundi wa jua kali, zina madoa ya rangi na grisi. Anazihifadhi chini ya godoro. Ndiyo maana bwenini tunaitwa wazoa taka. Sikasiriki. Nitawajibu wenzangu kwa kuwasimulia habari za mzoa taka mkubwa kuliko sisi sote.

KUZALIWA NA KULELEWA

Joseph Anthony Zuzarte Murumbi alizaliwa mwaka 1911 huko Eldama Ravine, katika Bonde la Ufa. Baba yake, Zuzarte, alikuwa mfanyabiashara kutoka Goa, ambayo wakati huo ilikuwa koloni la Wareno katika pwani ya magharibi ya India. Mama yake alikuwa Mmaasai. Jina Murumbi ni la upande wa mama, naye alilichagua mwenyewe alipokuwa mtu mzima. Angeweza kubaki na jina la baba peke yake na maisha yangekuwa mepesi kidogo, kwa sababu katika Kenya ya wakoloni kila rangi ilikuwa na ngazi yake, na Mwafrika alikuwa chini kabisa.

Akiwa bado mtoto mdogo alipelekwa India kusoma. Hebu fikirieni, ndugu zangu. Sisi tukifungua shule kutoka Ruiru kuja Thika, mwendo wa chini ya saa moja, kuna watu wanalia getini. Yeye alivuka bahari kwa meli, akakulia katika shule za mabweni za Bangalore na Bellary, mbali na mama yake kwa miaka mingi. Alirudi Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1930, kijana mzima. Nadhani hapo ndipo mbegu ilipopandwa. Mtu aliyekulia mbali na kwao hutamani kukishika kila kinachomkumbusha kwao.

Alifanya kazi za ukarani, kisha akaenda Somalia, ambako alihudumu kwa takriban miaka kumi, katika miaka ya 1940, chini ya utawala wa Waingereza. Kazi ya karani wengi huidharau. Lakini karani hujifunza jambo moja ambalo wakubwa hulisahau, nalo ni kwamba karatasi isiyowekwa mahali pake ni sawa na karatasi isiyokuwepo.

SIASA NA UHAMISHO

Murumbi aliporejea nyumbani alijiunga na Kenya African Union, chama kilichoongozwa na Mzee Jomo Kenyatta. Usiku wa tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari, na viongozi wakakamatwa. Chama kilibaki kama nyumba iliyoezuliwa paa. Murumbi akashika nafasi ya kaimu katibu mkuu. Yeye na rafiki yake Pio Gama Pinto walishughulika kutafuta mawakili wa kuwatetea waliokuwa wakishtakiwa kule Kapenguria.

Mwaka 1953 aliondoka nchini kwenda kutangaza shida za Wakenya ng'ambo. Alipita India na Misri, akatia nanga London. Huko alikaa karibu miaka tisa. Alifanya kazi katika harakati za kupinga ukoloni, na baadaye katika ubalozi wa Moroko. Mshahara haukuwa mkubwa, lakini London ilikuwa na kitu kimoja kilichomvuta sana, yaani maduka ya vitabu vikuukuu.

Katika maduka hayo palikuwa na vitabu vya wasafiri, wamisionari na maafisa waliopita Afrika, ramani za zamani, barua na stempu. Kwa Mwingereza aliyekuwa akisafisha ghala la babu yake, hivyo vilikuwa takataka. Kwa Murumbi vilikuwa vipande vya nyumba yake. Akaanza kununua kimoja kimoja. Haba na haba hujaza kibaba. Huko huko London alikutana na Sheila, mkutubi kwa kazi yake, wakaoana. Ama kweli Mungu hakosei kupanga! Mume anakusanya, mke anajua kupanga vitabu kwenye rafu na kuviandikia orodha. Nawaomba wasomaji walikumbuke jambo hili la orodha, maana nitalirudia.

WAZIRI, KISHA MAKAMU WA RAIS

Murumbi alirudi Kenya mwaka 1962. Uhuru ulipokuja mwaka 1963 alikuwa tayari ni mtu wa karibu wa Mzee Kenyatta. Akawa Waziri wa Nchi, kisha mwaka 1964 akateuliwa Waziri wa Mambo ya Nje. Nchi ilikuwa changa na balozi zake nyingi hazikuwa zimeanzishwa, kwa hiyo yeye ndiye aliyeisaidia Kenya kujitambulisha kwa mataifa. Kila safari ilimpa nafasi ya kununua kitu: kinyago huku, kitambaa kule, mchoro wa msanii kijana ambaye hakuna aliyemjua bado.

Tarehe 24 Februari 1965 pigo kubwa lilimpata. Rafiki yake Pinto aliuawa kwa risasi jijini Nairobi, mchana, langoni pa nyumba yake. Waliomfahamu Murumbi wanasimulia kwamba kifo hicho kilimvunja moyo kabisa. Mwaka uliofuata, Jaramogi Oginga Odinga alipojiuzulu, Murumbi aliteuliwa Makamu wa Rais mnamo Mei 1966. Kabla mwaka kwisha, naye akajiuzulu.

Sababu iliyotolewa ilikuwa afya. Wanahistoria wengi huongeza kwamba alichoshwa na jinsi wakubwa walivyokuwa wakigombania mashamba na mali, ilhali rafiki yake yuko kaburini. Fikiria mtu yuko hatua moja tu kutoka kiti cha juu kabisa nchini, halafu anainuka na kwenda zake. Sisi hapa tunapigania uprifekti wa chumba cha kulia chakula mpaka urafiki unavunjika!

MZIGO UNAKUWA MKUBWA

Alipotoka serikalini aliingia katika biashara, na wakati wake wa ziada aliumaliza kwenye mkusanyo wake. Nyumba yake ilikuwa Muthaiga. Wenzangu mnaopanda gari kutoka Thika mnapajua mahali hapo. Ukishapita Ruiru, Githurai na Roysambu, unafika Muthaiga kabla ya kuingia mjini. Humo ndimo vitabu vilipokuwa vikipanda kutoka sakafuni hadi darini, pamoja na vinyago, mavazi, mapambo, silaha za kale, stempu na nyaraka za siasa. Mkusanyo wake wa stempu za Afrika ulitajwa miongoni mwa ile bora kabisa duniani.

Jambo linalonifurahisha zaidi ni kwamba hakukusanya vya marehemu tu. Alinunua kazi za wasanii wa Afrika waliokuwa hai na wenye njaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, yeye, Sheila na Mmarekani Alan Donovan walianzisha African Heritage jijini Nairobi, nyumba ya sanaa ambako wachongaji, wafinyanzi, wafumaji na wachoraji wa Afrika waliuza kazi zao kwa bei ya heshima. Kukusanya kwa namna hiyo ni kumwambia msanii aendelee, kwa sababu kuna mtu anayemwona.

Jambo hili lina uzito wake hata kwa sisi wa filamu. Mfaransa Georges Méliès ndiye aliyetengeneza filamu ya safari ya mwezini mwaka 1902. Alichora mwenyewe, akajenga mapambo mwenyewe, akaigiza mwenyewe. Biashara ilipomfilisika na hakuna aliyezitaka kazi zake, mwaka 1923 alizichoma moto filamu zake kwa mikono yake. Alikuja kuuza vitu vya kuchezea watoto katika kituo cha treni cha Paris. Walioanza kumtafuta na kuokota kilichobaki walikuta sehemu kubwa imepotea. Hakuwa mwendawazimu, jamani. Alikosa Murumbi wake.

Na tusidhani kwamba hayo ni ya Wazungu tu. Mkenya mwenzetu Wanuri Kahiu alitoa Pumzi mwaka 2009, filamu fupi kuhusu dunia ya usoni isiyo na maji. Miaka hamsini ijayo, mwanafunzi wa Thika atakayetaka kuona michoro na mavazi ya filamu kama hizo ataenda wapi?

MAUZO YA MUTHAIGA

Kufikia katikati ya miaka ya 1970 Murumbi alikuwa na umri wa zaidi ya miaka sitini. Wanunuzi wa ng'ambo walimjia na pesa nyingi. Akakataa. Aliamua kuiuzia serikali ya Kenya nyumba, vitabu na sanaa, kwa bei ya chini kuliko ile ya wageni. Nia ilikuwa nyumba ile ya Muthaiga iwe taasisi ya masomo ya Kiafrika yenye jina lake, mahali ambapo watafiti wangekuja kusoma na hata kulala. Yeye na Sheila wakahamia shamba lao la Intona huko Transmara, karibu na Maasai Mara.

Hapa ndipo hadithi yangu inapokuwa chungu. Taasisi haikujengwa. Vitabu na nyaraka vilihamishiwa Nyaraka za Kitaifa, lakini nyumba iliachwa. Baadaye ilibomolewa, miti aliyoipenda ikakatwa, ardhi ikagawanywa vipande vipande. Na Murumbi hakuwa amekufa! Aliishi hadi kuyaona hayo kwa macho yake, akiwa tayari ni mgonjwa aliyepigwa na kiharusi. Alifariki tarehe 22 Juni 1990.

Alitaka azikwe karibu na rafiki yake Pinto. Akalazwa City Park, nje kidogo ya mpaka wa makaburi, hatua chache kutoka kaburi la Pinto. Sheila alifariki mwaka 2000, akazikwa kando ya mumewe. Hata hapo hapakuwa na amani, kwa sababu wanyakuzi walikuwa wameanza kuimezea mate ardhi ya bustani ile. Donovan na wenzake wa Murumbi Trust walihangaika mpaka pakatengenezwa bustani ya ukumbusho, yenye sanamu za mawe za wasanii wa Afrika. Mmoja wao ni Elkana Ong'esa wa Kisii. Donovan mwenyewe alifariki mwaka 2021.

KILICHOBAKI

Je, nimewaletea hadithi ya kushindwa? La hasha. Nendeni Moi Avenue, Nairobi, mahali ambapo nusu ya mji hupatana kukutana. Jengo lile la zamani lililokuwa benki ndilo la Nyaraka za Kitaifa. Watu husimama nje wakingojea wenzao, hawajui kwamba ghorofa ya chini ina ukumbi wa Murumbi, wenye vinyago, mavazi na sanaa kutoka pande nyingi za Afrika. Ndani mna vitabu vyake adimu zaidi ya 8,000, pamoja na barua na hati zake. Sehemu nyingine ya mali ya Joseph na Sheila imeonyeshwa tangu mwaka 2013 katika Nairobi Gallery, jengo la mwaka 1913 lililokuwa ofisi ya mkuu wa mkoa, penye makutano ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway.

Linganisheni sasa. Nyumba ya mawe imara katika mtaa wa matajiri imetoweka. Karatasi, ambazo panya angeweza kuzimaliza kwa usiku mmoja, zipo. Kwa nini? Jawabu langu ni kwamba karatasi zilikuwa na orodha, zilikuwa na rafu, na zilikuwa mahali penye mlango ambao mwananchi yeyote anaweza kuupita. Nyumba ilikuwa na nia njema tu, na nia njema haina mlinzi wa usiku.

Atakayesema kwamba karatasi kuukuu hazina faida, nitamkumbusha jambo moja linaloihusu sehemu yetu hii. Waingereza walipoondoka mwaka 1963 walichoma mafaili mengi na mengine wakayabeba. Yalifichwa Hanslope Park, Uingereza, karibu miaka hamsini. Wazee waliopigana katika vita vya Mau Mau walipokwenda mahakamani London kudai haki kwa mateso waliyopata kizuizini, mafaili yale yalijitokeza mwaka 2011, yapata 1,500 ya Kenya peke yake, nayo yakatoa ushahidi. Juni 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa jumla ya pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228 na gharama za kesi. Karatasi zilizodhaniwa zimekufa zilisimama kizimbani zikasema. Murumbi alilijua hilo mapema.

TUFANYE NINI?

Wanafunzi wenzangu, hatuna Muthaiga ya kuuza wala pesa za kununua michoro kwenye minada ya London. Lakini tuna vitu ambavyo hakuna mwingine atakayeviweka. Kuna mabango ya zamani ya vibanda vya video vya Thika. Kuna karatasi za mafundi wanaochora matatu. Kuna mapambo ya jukwaa yaliyochorwa na waliotutangulia kwa ajili ya michezo ya kuigiza, ambayo sasa yamekunjwa stoo nyuma ya viti vilivyovunjika. Na kuna matoleo ya zamani ya jarida hili hili mnalolisoma. Nimeyatafuta katika maktaba ya shule ili nijue liliwahi kuandika nini kuhusu Murumbi alipofariki, nikakuta mapengo ya miaka mingi.

Sisi watatu tumeanza kufanya jambo. Tumechukua daftari kubwa tukalipiga mistari. Kila mchoro unaandikwa namba yake, aliyeuchora, mwaka, ulikotoka, na ulichorewa nini. Michoro ya mwenzetu wa Ruiru imeshaondoka chini ya godoro na kuingia katika bahasha kavu. Mwalimu mlezi wa chama ametukubalia rafu moja katika kabati la Kiswahili, naye ndiye atakayeweka ufunguo, kwa sababu sisi tutamaliza shule twende zetu. Yetu haijafika hata kurasa nne, lakini hata kibaba cha Murumbi kilianza na kitabu kimoja katika duka la vitabu vikuukuu.

Kwa hivyo nawaomba. Mkienda likizo, waulizeni wajomba, shangazi na majirani waliosoma hapa kama wana nakala ya jarida hili, hata iliyopoteza jalada. Mkiona fundi anataka kuwashia jiko kwa mchoro, mwombeni awape, na msisahau kumuuliza jina lake mliandike. Rafu iko chumba cha walimu wa lugha, na daftari lina nafasi ya kutosha.